Shule za parokia nchini Kongo: jengo la Kanisa, mwalimu wa Serikali

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzazi anayemwandikisha mtoto katika shule ya msingi ya parokia huambiwa kuwa elimu ni bure. Hata hivyo, katika shule hiyohiyo huenda akawemo mwalimu anayefundisha kila siku bila kupokea mshahara wowote wa Serikali. Ili kufahamu jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa chini ya paa moja, inafaa kujua shule hizo ni za nani.

Shule nyingi za Kikatoliki za ng'ambo ya Rusizi si shule za binafsi, ingawa wengi huzidhania hivyo. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za madhehebu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ikatia saini mkataba na Kanisa Katoliki, Waprotestanti na Kanisa la Kimbangu. Waislamu walijiunga baadaye. Kwa mkataba huo Serikali huwalipa walimu, hupanga mtaala na kukagua masomo, nalo Kanisa husimamia shule siku kwa siku kupitia waratibu wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ilidorora na walimu wakagoma. Wazazi wakakubali kuchanga posho ya motisha ili watoto warudi darasani. Hatua hiyo ya dharura ilidumu zaidi ya robo karne. Wala fedha hizo hazikuishia kwa mwalimu. Zilinunua chaki, zilikarabati madawati, na sehemu yake ilipanda ngazi hadi kwenye ofisi za uratibu za Kanisa na ofisi za elimu za Serikali. Mama muuza samaki wa Uvira alikuwa, kwa hakika, akizigharimia ofisi ambazo hajawahi kuzikanyaga.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamua kuitekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006, inayotamka kuwa elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Shule za mkataba zimo katika hesabu hiyo. Watoto wakamiminika, madarasa yakafurika, kama tulivyoshuhudia hapa Burundi mwaka 2005. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuuunga mkono mpango huo.

Tatizo kubwa likabaki kwenye orodha. Mwalimu hulipwa ikiwa tu jina lake limeingizwa katika daftari la idara ya mishahara ya walimu, iliyojulikana kwa muda mrefu kama SECOPE. Parokia inaweza kufungua darasa jipya na kumpa mtu chaki. Kumwandikisha Kinshasa haiwezi. Zamani mwalimu kama huyo aliishi kwa posho ya wazazi. Posho ilipopigwa marufuku, alibaki mikono mitupu, naye mwenzake aliyeandikishwa akaona kipato chake kikipungua. Ndiyo sababu mwaka 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma, wengi wao wakiwa si wapinzani wa elimu ya bure.

Sasa paroko huziba mapengo kwa sadaka ya Jumapili, kwa salongo ya waumini wanaofyatua matofali, na kwa marafiki walio nje ya nchi. Wafadhili hupenda kujenga madarasa, na si ajabu: ukuta hupigwa picha, mshahara wa mwalimu haupigwi. Lakini darasa jipya bila mwalimu aliyeandikishwa humwongezea paroko mdomo mwingine wa kulisha. Anayetaka kusaidia angeanza kwa kumuuliza mkuu wa shule ana walimu wangapi, na wangapi kati yao wamo kwenye daftari.

Msamaha wa ada, vilevile, unaishia shule ya msingi. Mtoto akivuka kwenda sekondari ya parokia hiyohiyo, mara nyingi ng'ambo tu ya uwanja wa kanisa, mzazi wake anaanza tena kulipa.