Kompyuta ya Kikundi Inajikokota: Je, Tubadili Prosesa?

Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta ya mitumba ya kuwekea hesabu za akiba na mikopo. Nyingi zilitumika kwanza katika maofisi ya ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex 7010 ya miaka ya 2012 na 2013. Ni mashine ngumu, haiharibiki ovyo. Lakini baada ya muda inaanza kujikokota: katibu anabonyeza, anangoja, chai inapoa. Ndipo mtu mmoja mkutanoni anasimama na kusema, "Tuchange tununue prosesa mpya." Pesa ni za wanachama, kwa hivyo tuulize kwanza: je, shida iko kwa prosesa kweli?

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Lakini hata mhasibu hodari hukaa bure ikiwa vitabu vinaletwa pole pole, ama meza ni ndogo. Vitabu ni diski, meza ni RAM. Fungueni kazi zenu za kawaida, kisha bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea jedwali lenye asilimia za CPU (ndiyo prosesa), Memory (ndiyo RAM) na Disk. Ikiwa diski inagonga 100 na prosesa iko 20, basi prosesa mpya haitawasaidia hata kidogo. Nunueni diski ya aina ya SSD badala ya ile ya zamani inayozunguka. Kama RAM ni 4 GB, ongezeni ifike 8 GB, ya aina ya DDR3. Kwa maoni yangu, vikundi vingi vingeishia hapo.

Pia pangusa vumbi kwenye feni, hiyo ni bure. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe.

Tuseme mmefanya hayo yote na prosesa bado iko karibu na 100 kila mara. Sasa zamu yake imefika. Hapa ndipo watu hupoteza pesa, kwa maana prosesa haiingii popote tu. Inakaa kwenye soketi yake. OptiPlex 7010 ina soketi ya LGA 1155, inayopokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu. Mwenye duka akiwapa i5-4570 ya mwaka 2013, hiyo ni ya kizazi cha nne na inataka LGA 1150. Kwa macho zinafanana, lakini haitakaa. Na kuna mtego mwingine: OptiPlex 990 nayo ina LGA 1155, lakini madabodi yake inaishia kizazi cha pili, kama i5-2400. Basi andikeni jina kamili la mashine kwenye karatasi kabla ya kupanda matatu kwenda mjini.

Kwa 7010 iliyokuja na i3-3220 yenye viini 2, hatua ya maana ni i5-3470 yenye viini 4. i7-3770 ni nzuri zaidi, ni kweli, lakini kwa barua na hesabu hamtaona tofauti inayolingana na pesa. Angalieni joto pia: i3 hiyo ni wati 55, i5 ni wati 77. Kama kasha lenu ni lile dogo kabisa, chukueni i5-3470S ya wati 65. Tena msiahidiwe kwamba prosesa hiyo itawapeleka Windows 11. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 2025. Linux Mint ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwenye mashine hizi.

Siku ya kubadili, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha, kisha toa feni pole pole. Ndani ya soketi kuna vijisindano 1155. Usiviguse! Kimoja kikipinda, madabodi nzima yaweza kufa. Prosesa ina vijipengo pembeni. Ikielekea sawa inaketi yenyewe bila kusukumwa. Futa krimu ya joto iliyokauka kwa kitambaa na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya ndengu, halafu rudisha feni ukikaza skrubu kwa kukingamisha. Asiyezoea amwite fundi, lakini mweka hazina akae hapo akitazama.

Dukani, ombeni kuiona ikifanya kazi kabla ya kulipa, na mpewe risiti yenye namba ya prosesa. Ile ya zamani msiitupe. Ifungeni kwenye karatasi laini muiweke kabatini, ili mpya ikikataa baada ya wiki mbili muirudishe kazini mkingoja fundi.