Mzazi Asiitwe kwa Michango Tu

Mtoto wa Mombasa akianguka masomoni, mwalimu humlaumu mzazi, mzazi humlaumu mwalimu, na kila mmoja ana ushahidi wake. Mzozo huo hauishi kwa mawaidha. Huisha mzazi anapopewa kazi na kauli katika uendeshaji wa shule. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimlalamikia Aga Khan kwamba watoto wao wanaachwa nyuma kielimu. Kazi iliyofuata ilikabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapa hapa Mombasa. Wazazi walitaka mtoto asome Kurani na pia awe tayari kwa darasa la kwanza. Hawakuona kwa nini achague kimoja. Basi chekechea zikafunguliwa madrasani, wanawake wa mtaa wakafunzwa ualimu, vifuu na makombe ya baharini yakawa vifaa vya kuhesabia, na kamati za wazazi zikashika usimamizi. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliosoma chekechea hizi, waliosoma chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Waliosoma popote waliwapita wa nyumbani, na wa madrasa wakaendelea zaidi ya wote. Mpinzani atasema mzazi anayempeleka mwanawe chekechea tayari ana bidii. Kweli, lakini hata wale wa chekechea nyingine walipelekwa na wazazi wao, na bado tofauti ilionekana. Hoja nzito zaidi ni kwamba huenda sifa ni ya mafunzo ya walimu, wala si ya kamati. Utafiti huo hauvitenganishi. Kwa maoni yangu havitenganishiki kirahisi, kwani mwalimu anayetoka mtaani haoni haya kubisha hodi kwa mzazi, wala mzazi hamwogopi.

Wapo walimu wanaohofia kuingiliwa, na hofu hiyo ina msingi; somo libaki mikononi mwa mwalimu, kamati ishughulikie hesabu na mahudhurio. Kuhusu mama anayeuza Marikiti au baba wa zamu bandarini, mkutano wa saa nne asubuhi haukupangwa kwa ajili yao. Uitishwe baada ya Isha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeshaweka chama cha wazazi shuleni. Walimu wakuu wa Kibokoni hadi Tononoka, barua ijayo kwa wazazi ianze na jinsi watoto wanavyosoma. Michango ifuate chini.