Msokoto wa bangi na ada ya chuo: swali lililowakosesha masomo vijana wa Marekani

Kwa takriban miaka 20, mtu aliyeua nchini Marekani, akatumikia kifungo chake na kutoka gerezani, aliweza kujaza fomu ya kuomba fedha za serikali za kusomea chuo, na akapewa. Aliyepora benki aliweza. Aliyechoma nyumba ya jirani aliweza. Mwanafunzi wa miaka 19 aliyekutwa na msokoto wa bangi mfukoni, akakiri kosa mahakamani na kutozwa faini, ndiye aliyeambiwa kuwa hastahili.

Utaratibu huo uliletwa na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo Rais Bill Clinton aliyatia saini Oktoba 7, 1998. Sheria yenyewe ilikuwapo tangu 1965, enzi za Rais Lyndon Johnson, na shabaha yake ilikuwa kumwezesha mtoto wa maskini kufika chuoni. Kifungu cha dawa za kulevya kiliingizwa kwa juhudi za Mark Souder, mbunge wa chama cha Republican kutoka Indiana, kikaanza kutumika Julai 2000. Zilikuwa nyakati ambazo mwanasiasa wa Marekani, wa chama chochote, aliogopa kuonekana mlegevu mbele ya wauza unga. Hofu hiyo ilikuwa imekwishazaa sheria kali za 1986 na 1988. Sasa ikafika ofisi za ada.

Fomu inayozungumziwa huitwa FAFSA. Hujazwa bure, na mwanafunzi huijaza upya kila mwaka wa masomo. Ndani yake familia hueleza kipato chake, kodi iliyolipa na idadi ya watu wanaoitegemea; serikali hukokotoa, kisha chuo hupanga mwanafunzi apate nini. Kuna mikopo, kuna kazi za chuoni zinazolipiwa na serikali, na kuna ruzuku ya Pell, iliyopewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Msomaji wa Tanzania aliyezoea mkopo wa Bodi ya Mikopo, unaokatwa kwenye mshahara baada ya kuhitimu, aelewe kuwa Pell ni fedha ambayo kwa kawaida hairudishwi. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Isitoshe, majimbo mengi na vyuo vyenyewe huitumia fomu hiyohiyo kugawa misaada yao, kwa hiyo aliyekwama kwenye FAFSA aliweza kukwama kila mahali.

Katika fomu za miaka ya 2010, swali lenyewe lilikuwa la 23. Lilitanguliwa na swali la kujiandikisha kwa ajili ya jeshi, likafuatwa na swali kuhusu kiwango cha elimu cha mzazi. Katikati hapo, kijana aliulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kupatikana na dawa za kulevya au kuziuza wakati akipokea fedha za serikali. Akijibu ndiyo, alipewa karatasi nyingine ya kupiga hesabu za tarehe: alitiwa hatiani lini, mara ngapi, kwa kosa gani, na adhabu yake itakwisha siku gani.

Hesabu hizo zilikuwa na ngazi zake. Aliyepatikana na dawa kwa mara ya kwanza alikosa fedha mwaka mmoja tangu siku ya hukumu. Mara ya pili, miaka miwili. Mara ya tatu, bila kikomo. Kwa muuzaji, kosa la kwanza lilikuwa miaka miwili na la pili bila kikomo. Njia ya kufupisha adhabu ilikuwa kumaliza programu ya tiba ya uraibu inayotambuliwa na serikali na kufaulu vipimo viwili vya kushtukiza. Kwa mraibu, hilo lingeweza kumsaidia. Lakini kijana aliyevuta bangi kwenye sherehe mara moja si mraibu. Kumpeleka kwenye tiba asiyoihitaji ili apate ada ni kumpotezea muda yeye na kumpunguzia nafasi mgonjwa anayesubiri.

Souder alikuwa na hoja zake, na si haki kuzipuuza. Alisema fedha hizo ni za walipa kodi, na mlipa kodi ana haki ya kudai kwamba anayemsomesha asivunje sheria za nchi. Aliamini pia kwamba kijana akijua ada yake iko hatarini, ataogopa. Mzazi yeyote aliyewahi kuona mtoto wa jirani akigeuka teja anaielewa hofu iliyo nyuma ya maneno hayo. Swali ni kama sheria ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Haikufanya. Wachumi Michael Lovenheim na Emily Owens walichunguza mwenendo wa vijana kabla na baada ya sheria hiyo, na matokeo yao yalichapishwa 2014. Hawakuona ushahidi kwamba sheria iliwazuia vijana kujiingiza kwenye makosa ya dawa za kulevya. Walichokiona ni kwamba vijana wenye makosa hayo walipungua sana miongoni mwa waliojiunga na chuo ndani ya miaka miwili baada ya sekondari, na pigo lilikuwa kubwa zaidi kwa wa mijini. Dawa ziliendelea kuvutwa, chuo ndicho kilichoachwa.

Ukubwa wa athari ulianza kuonekana mapema. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria katika ripoti yake ya 2005 kwamba kila mwaka waombaji kati ya 17,000 na 20,000 walikosa ruzuku ya Pell kwa sababu ya kifungu hicho, na kati ya 29,000 na 41,000 walikosa mikopo.

Hizo ni takwimu za waliojaza fomu. Wapo ambao hawakuwahi kuimaliza, maana swali la aina hiyo humfukuza mtu kabla hajahukumiwa na yeyote. Mfano mzuri unatoka kwenye fomu ya aina nyingine, ya kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo la New York. Utafiti uliotolewa 2015 ulionyesha kuwa kati ya waombaji waliokiri kuwa na kosa kubwa la jinai, asilimia 62.5 waliacha fomu njiani. Kwa waombaji wote kiwango hicho kilikuwa asilimia 21. Mwaka uliofuata vyuo hivyo viliamua kuliondoa swali hilo. Mtu hahitaji kunyimwa nafasi rasmi ili aikose. Inatosha kumuuliza jambo linalomtia aibu, kisha kumtaka alete vyeti vya mahakama na barua za maelezo, na yeye atahitimisha mwenyewe kwamba hatakiwi.

Na ni nani aliyeguswa? Hapa ndipo penye ubaya mkubwa wa sheria hii. Chukulia wanafunzi wawili wanaolala chumba kimoja bwenini, wanakamatwa usiku mmoja na bangi ileile, wanapelekwa mbele ya hakimu mmoja, wanapewa faini sawa. Wa kwanza analipiwa ada na baba yake ambaye ni daktari. Hajawahi kuijaza FAFSA wala hana haja nayo. Jumatatu anarudi darasani. Wa pili analelewa na mama anayefanya usafi hospitalini, na bila Pell hawezi kulipa hata muhula mmoja. Huyo anafungasha. Mahakama iliwaadhibu sawa, kisha serikali ikamwadhibu mmoja mara ya pili kwa sababu mama yake hana fedha. Hakuna namna ya kuitetea sheria ya aina hiyo mbele ya mtu mwenye akili timamu, na hoja ya mlipa kodi haitoshi, maana huyo mama msafishaji naye analipa kodi.

Rangi ya ngozi ikaongeza tofauti. Kwa mujibu wa ripoti ya 2013 ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.73 zaidi ya mzungu wa kukamatwa kwa kuwa na bangi, ilhali kiwango cha utumiaji kati ya makundi hayo mawili kilikaribiana. Swali la 23 halikuuliza nani amevuta bangi. Liliuliza nani alikamatwa na kutiwa hatiani.

Baadhi ya vyuo havikukubali kukaa kimya. Yale, Swarthmore, Hampshire na Western Washington vilitangaza kuwafidia wanafunzi wao waliopoteza fedha za serikali kwa kosa la dawa za kulevya. Ni jambo la kupongezwa, ila mtoto wa maskini wa Marekani mara nyingi hayuko Yale. Yuko kwenye chuo cha jamii karibu na kwao, akichanganya masomo na zamu za mgahawani, na vyuo vya namna hiyo havina akiba ya kumfidia mtu.

Wanafunzi wenyewe waliunda chama cha kupinga, Students for Sensible Drug Policy, mwaka uleule wa 1998. Mabadiliko ya kwanza yalikuja 2006, kifungu kilipopunguzwa makali: tangu hapo yalihesabiwa makosa yaliyotendwa wakati mwanafunzi akipokea fedha za serikali tu, na yale ya zamani yakaachwa. Souder mwenyewe aliunga mkono, akisema hakukusudia kuwagusa watu waliokosa kabla hawajafika chuoni. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa watu walinyimwa ada kwa makosa ya nyuma ambayo hata mwandishi wa sheria hakuyalenga. Hakuna aliyewarudishia miaka hiyo.

Kilichokimaliza kabisa kifungu hicho hakikuwa vita vya bungeni juu ya dawa za kulevya. Ni uchovu wa watu na fomu yenyewe. Seneta Lamar Alexander wa Tennessee, Mrepublican aliyewahi kuwa waziri wa elimu, alikuwa na kawaida ya kuikunjua FAFSA mbele ya wenzake, karatasi ikining'inia toka mkononi mwake, ili waone wenyewe urefu wa maswali yake 108. Akishirikiana na Seneta Patty Murray wa chama cha Democrat, alifikia makubaliano ya kuifupisha. Makubaliano hayo yaliunganishwa na sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini na Rais Donald Trump Desemba 27, 2020. Swali la dawa za kulevya lilikuwa miongoni mwa yaliyofutwa. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021/22 jibu lake halikumzuia tena mtu kupata fedha, na baadaye likatoweka kwenye karatasi.

Sheria hiyohiyo iligusa kundi lililosahauliwa zaidi. Tangu 1994 wafungwa wa magereza ya Marekani walikuwa wamenyimwa ruzuku ya Pell. Serikali ya Barack Obama ilianza kuirudisha kwa majaribio 2015, na Julai 1, 2023 mlango ukafunguliwa kwa wafungwa wote wanaosoma kwenye programu zilizoidhinishwa. Ushahidi ulikuwapo muda mrefu. Taasisi ya RAND ilionyesha 2013 kwamba mfungwa aliyesoma akiwa gerezani ana uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudia uhalifu kuliko asiyesoma, na kila dola inayotumika kumsomesha huokoa dola nne hadi tano za gharama za kumfunga tena. Anayejali fedha za mlipa kodi aanzie hapo.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu la moja kwa moja: vipi kuhusu muuzaji? Kijana anayesambaza vidonge bwenini anahatarisha maisha ya wenzake, hasa siku hizi ambapo vidonge bandia vyenye fentanili vimeua maelfu ya vijana wa nchi hiyo. Huyo akamatwe, ashtakiwe, na chuo kimfukuze kikiona inafaa. Vyombo vya kumshughulikia vipo na vina nguvu. Lakini akishamaliza adhabu yake, akataka kusomea ufundi wa umeme au uuguzi, nchi inapata nini ikimzuia? Inamrudisha kwenye biashara pekee anayoijua.

Mambo hayajawa shwari yote. Sheria ya 1988 inayompa hakimu mamlaka ya kumnyima mtu aliyetiwa hatiani baadhi ya manufaa ya serikali kuu bado haijafutwa, na agizo kama hilo linaweza kumfuata mtu hadi kwenye ada. Kwa wasiokuwa raia, hatari ni nyingine na ni kubwa zaidi. Wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walioko Texas, Kentucky na kwingineko, pamoja na wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, wana haki ya kujaza FAFSA kama raia. Ila sheria ya uhamiaji inaruhusu mgeni afukuzwe nchini kwa kosa la dawa za kulevya, isipokuwa tu kama ni kosa moja la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Jimbo kuihalalisha bangi, kama Colorado na Washington yalivyofanya 2012, hakubadilishi hilo, kwa sababu uhamiaji hufuata sheria ya serikali kuu.

Kwa hiyo mwenye ndugu au mtoto Marekani aliyewahi kutiwa hatiani, akakata tamaa ya chuo kwa kuambiwa kwamba fomu itamkataa, ampigie simu leo. Kama hana agizo la hakimu linalomnyima manufaa hayo, amwambie swali limefutwa, fomu haina malipo, na ajaze upya kila mwaka. Na kama si raia, asikiri kosa lolote la dawa za kulevya mahakamani, hata la faini ndogo, kabla ya kuzungumza na mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji.