Mtandao tunao, wa kutufundisha kutafuta yuko wapi?



Likizo iliyopita nilipanda bara kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dadangu, anayesomesha shule moja karibu na Mweiga, kaunti ya Nyeri, kwenye barabara iendayo Nyahururu. Baridi ya kule si ya mtu wa pwani. Siku tatu nilivaa sweta na shuka juu yake. Lakini lililonikaa moyoni si baridi, ni kisa cha kijana wa jirani.

Mweiga ndiko yaliko makao makuu ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, na kijana huyo, aliyemaliza kidato cha nne, ndoto yake ni kuwa askari wa wanyamapori. Akaenda saiba, akaandika maneno matatu kwenye Google, akabofya tovuti ya kwanza iliyotokea. Ilikuwa na picha za ndovu na nembo iliyofanana na ya serikali. Akajaza jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, akatuma shilingi 1,500 za "kushughulikia maombi." Hadi leo kimya. Pesa hizo mamake alikuwa ameuza maziwa.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "huyu si mjinga. Alipata alama nzuri. Ila hakuna aliyewahi kumfundisha kutafuta."

Hapo ndipo penye neno. Tumehangaika miaka mingi kuleta kompyuta na intaneti, tukadhani mtu akishajua kushika kipanya yaliyobaki atajifunza mwenyewe. Kazi ya kumwonyesha mtu habari ya kweli iko wapi ni kazi ya maktaba tangu zama za vitabu. Basi hata kwenye mtandao ni kazi yao, na wa kwanza kufundishwa ni watumishi wa maktaba wenyewe.

Tuanze na msingi, maana wengi huchanganya. Kivinjari, kama Chrome au Firefox, ni programu ya kufungulia kurasa. Google si mtandao, ni mtambo wa kutafuta. Mtambo huo hupitia kurasa za dunia nzima, huziwekea faharasa kama ile ya nyuma ya kitabu, kisha ukiuliza hukupangia zile unazodhani zinakufaa. Haukuhakikishii kwamba zinasema kweli. Na zile za juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Huandikwa hivyo kwa herufi ndogo, na anayetaka kukuibia anaweza kununua nafasi hiyo kama mfanyabiashara yeyote.

Sasa mambo ambayo mtumishi wa maktaba angemfundisha kijana yule kwa saa moja tu.

La kwanza, maneno. Andika maneno ambayo ukurasa unaoutafuta ungeyatumia wenyewe. Ukitafuta jina kamili, litie ndani ya alama za kunukuu: "Muyaka bin Haji" italeta kurasa zenye jina hilo lote kwa pamoja, si kila Muyaka na kila Haji. Usilolitaka litangulize kwa kistari: kilimo cha mbaazi -mapishi. Hapo mkulima hatapewa mbaazi za nazi.

La pili, tafuta ndani ya nyumba unayoiamini. Ukiandika site:kws.go.ke kisha neno lako, utapata kurasa za shirika la wanyamapori peke yake. Ukiandika site:go.ke utapata za serikali ya Kenya.

La tatu, soma anwani kabla ya kusoma ukurasa. Tazama sehemu iliyo mwisho, kabla ya mkwaju wa kwanza. Tovuti za serikali yetu huishia .go.ke. Anwani ikianza na kws.go.ke kisha ikaendelea na nukta na jina jingine linaloishia .com, mwenyewe ni huyo wa mwisho. Na ile alama ya kufuli isikupumbaze. Maana yake ni kwamba mazungumzo yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Mwizi naye aweza kuwa na kufuli.

La nne, toka nje ya ukurasa uuchunguze. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2017 wakiwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki habari 10 na wanafunzi 25. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti wakitazama nembo na lugha nzuri, wakadanganyika. Wahakiki waliiacha haraka, wakafungua vichupo vipya na kuuliza wengine wanasemaje kuhusu wenye tovuti hiyo. Ni desturi yetu: mchumba akija, humwulizi yeye tabia zake, wauliza majirani. Hata majibu ya akili unde yanayotokea juu siku hizi, fungua chanzo chake usome.

La tano, kompyuta ya umma si yako. Ukimaliza toka kwenye akaunti yako, na nywila isihifadhiwe humo.

Haya si mambo mageni Afrika Mashariki. KNLS, shirika la maktaba za kitaifa, liliundwa kwa sheria mwaka 1965. Katika maktaba zake za Kakamega na Eldoret, kwa msaada wa shirika la EIFL, watumishi waliwahi kufunzwa kutafuta habari za afya mtandaoni, nao wakawafunza wasomaji. Uganda nako, Maktaba ya Taifa na EIFL wamewaandaa watumishi wa maktaba za umma wawe walimu wa stadi za kidijitali.

Njia ni nyepesi. Kila juma watumishi wapeane maswali ya kweli ya wasomaji na kuyatafuta pamoja, kila mmoja aeleze alifikaje. Msomaji akija, mtumishi asimnyang'anye kipanya. Amwache afanye kwa mkono wake, kwa swali lake mwenyewe, kwa Kiswahili. Ukimtafutia umemsaidia siku moja. Ukimfundisha, atamfundisha na mamake.

Sisi wa pwani tusidhani hili ni la Nyeri. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati miji mingi ya bara haijakuwa miji. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba kuwa kazi ya kaunti. Kwa hiyo mwakilishi wadi akija kuomba kura, usimwulize tu kompyuta ngapi. Mwulize nani atakayekaa na watu wetu kuwafundisha, na yeye amefundishwa na nani.

Jioni kabla sijaondoka Mweiga tulikaa na kijana yule, simu mkononi. Akaandika mwenyewe site:kws.go.ke, akaufikia ukurasa wenyewe. Nafasi hazikuwa zimetangazwa siku hiyo. Akauhifadhi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, ilikuwa hapa wakati wote."

Ilikuwa hapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwonyesha kabla maziwa hayajauzwa.