Trekta Ikikataa Kuinua Plau

Trekta ikikataa kuinua plau siku za kulima, wengi hukimbilia kuifungua pampu. Sivyo ifaavyo. Fundi mwema huanza na lililo jepesi, na gumu huliacha mwisho.

Katika trekta ya Ferguson TE20, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, nayo pistoni huiinua mikono ibebayo plau. Basi kwanza pima mafuta. Yakipungua, pampu huvuta hewa; na kwa kuwa hewa hushindilika, plau hupanda kwa kutetemeka. Povu ni dalili ya hewa. Weupe kama wa maziwa ni dalili ya maji. Pili, safisha chujio. Tatu, tazama mivujo. Plau ikipanda vema kisha ikashuka yenyewe, usiilaumu pampu: mafuta yanapenya penye pistoni au vali.

Na mashine ikiwa na mipira ya mafuta, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yasukumwayo kwa nguvu hupenya ngozi kama sindano, hata mkono waweza kukatwa. Tumia kipande cha kadibodi. Wala usiingie chini ya plau iliyoinuliwa. Ishushe kwanza, uzime injini. Trekta hutengenezwa, mkono haurudi.