Kadi ya mchango wa nauli

Juzi nilikuwa stesheneri moja karibu na stendi ya Kahama, nangoja kutoa kopi. Kijana aliyenitangulia akachapisha barua kutoka chuo kimoja cha Marekani: amepata nafasi, na ada atalipiwa. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Sasa nauli, mzee wangu," akasema, akacheka peke yake.

Shida hiyo ina umri mkubwa kuliko baba yake. Mwaka 1959, aliyetaka shahada Afrika Mashariki aliitazama Makerere, na Makerere haikutosha watu. Wapo waliopata nafasi vyuo vya Marekani wakakwamia nauli. Mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, akaenda kuhemea huko huko. Mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mcheza besiboli Jackie Robinson wakatia saini barua ya kuchangisha, na Septemba ndege ya kukodi ikaruka kutoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na safari hiyo vijana wa Tanganyika nao wakapanda.

Mwaka huo huo wa 1960 aliondoka pia binti wa Nyeri mwenye miaka 20, Wangari. Chuo chake kilikuwa cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Kutoka New York walikwenda kwa basi. Walipofika Indiana wakaingia mgahawani wapate kinywaji baridi. Wakaambiwa wanunue, lakini Mweusi haketi humo, wakanywee nje. Nchi ile ile iliyowachangia nauli! Alisoma biolojia, akahitimu 1964, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa jina la Wangari Maathai.

Lakini mimi nawawaza zaidi waliobaki nyumbani. Huko Kenya watu waliandaa karamu za chai na dansi ili msafiri asiondoke mikono mitupu. Sisi wa Kahama, mji wa mchele na dhahabu, kuchangishana hatufundishwi: kamati ya harusi ina mwenyekiti, mhazini na kundi la WhatsApp, na asiyelipa ahadi hukumbushwa asubuhi na jioni.

Nimemshauri kijana yule achapishe kadi. Ikikufikia, andika ahadi yako kama ungeandika ya harusi, na ulipe kabla ya tarehe.