Mawingu ya Giza Katika Anga ya Kirua Vunjo

Mtu asimamaye usiku penye uwazi kati ya migomba ya Kirua Vunjo, akiupa mgongo Mlima Kilimanjaro, huiona mbingu yote ya kusini, kwa kuwa mbele yake ardhi huteremka hadi nyika ya Kahe. Mwezi wa Juni, yapata saa mbili usiku, ikiwa mawingu ya mlima hayakuziba, Msalaba wa Kusini huwa juu ya nyika hiyo. Kushoto kwake pana doa jeusi ndani ya Njia ya Maziwa, kana kwamba nyota za mahali hapo zimefutwa kwa kitambaa. Doa hilo huitwa Mfuko wa Makaa.

Je, hapo hapana nyota? William Herschel, aliyechunguza anga huko Uingereza katika karne ya 18, alidhani madoa ya namna hiyo ni matundu, yaani mahali patupu. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, maana macho peke yake hayawezi kutofautisha utupu na pazia.

Kamera ndiyo iliyoleta hoja mpya. Mmarekani Edward Emerson Barnard, mtoto wa maskini aliyeanza kazi utotoni katika studio ya picha huko Nashville, aliyaacha mabamba yake ya kioo yapokee nuru kwa saa kadhaa. Picha zilionyesha madoa yenye kingo dhahiri, mengine yakikinga mwanga hafifu ulio nyuma yake. Hata hivyo Barnard alisita miaka mingi kabla ya kukubali kwamba ni vitu. Mwaka 1919 alitoa orodha ya madoa 182. Mfuko wa Makaa haumo, kwani hauchomozi kabisa huko California na Wisconsin alikofanyia kazi.

Leo yajulikana kuwa hayo ni mawingu ya gesi baridi yenye chembechembe za vumbi. Mfuko wa Makaa uko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 600. Vumbi hilo huzuia nuru ya buluu kuliko nyekundu, kama vile jua la jioni linavyokuwa jekundu likitazamwa kupitia vumbi la nyikani. Ndani ya baadhi ya mawingu hayo nyota mpya huzaliwa.

Aliyezoea kuona ng'ombe katika mawingu ya mchana hatashangazwa na maumbo yake. Mwezi wa Agosti, saa mbili usiku, Kiko huwa juu sana, na karibu na bakuli lake amejikunja Nyoka. Kichwa cha Farasi, kilichomo katika kundi la Orioni, hakionekani kwa macho. Williamina Fleming alikigundua mwaka 1888 katika bamba lililopigwa na chuo cha Harvard.

Apendaye kupiga picha hizo achague usiku usio na mwezi, na aepuke upande wenye taa za Moshi. Kamera iliyotulia juu ya miguu mitatu hutosha kwa Mfuko wa Makaa, lakini kwa sekunde chache tu, kwani anga husogea nyuzi 15 kila saa na nyota hugeuka kuwa mistari. Kwa muda mrefu zaidi yahitajika mtambo wa kuizungusha kamera pamoja na nyota. Mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo hapo Kirua Vunjo iko nyuzi 3 tu juu ya upeo. Hivyo mhimili hulala karibu sambamba na ardhi, jambo ambalo mitambo mingi iliyotengenezwa Ulaya hailimudu kwa urahisi. Mwezi wa Januari, saa nne usiku, Kichwa cha Farasi hupita karibu utosini. Lenzi na ikaguliwe mara kwa mara, kwa sababu umande wa mlimani huitia ukungu.